Njano Siku ya Matanga

Kiendeshi kipya kilifika Jumatatu asubuhi, na kabla sijanywa chai nilikuwa nimeshakichukia.

Nilikihoji kama ninavyovihoji vyote. Unayo fanksheni ya kufungua muunganisho? Ninayo. Ya kusoma safu, yaani kumbukumbu za mtu mmoja? Ninayo. Ya kurudisha nyuma kilichokosewa? Ninayo. Ya kufuta? Ninayo. Nikazipitia zote, mpaka zile za kizamani ambazo hakuna mtu anayezitumia tangu marehemu bibi yangu awe msichana, na zote kikasema kinazo. Hapo machale yakanicheza. Mgeni anayekubali kila unachomtajia, chai anataka, uji anataka, kulala anataka, kuondoka mapema pia anataka, huyo ana lake jambo. Kiendeshi cha kweli hukataa mambo mawili matatu.

Hiyo ndiyo kazi yangu pale Karakana ya Viunganishi, Tukuyu. Wenzangu wanaandika programu kwa lugha ya C, lugha kuukuu ambayo kila kizazi huitangazia kifo na kila kizazi hurudi kuiomba msamaha. Programu zao zinataka kuongea na Ghala, hifadhidata ya nchi nzima, lakini Ghala linaendeshwa na kampuni inayoitwa Mnara na halimsikilizi mtu moja kwa moja. Kiendeshi ndicho kinachokaa katikati kama mkalimani. Unakiambia unachotaka, kinakwenda kukisema huko ndani kwa lugha ya wenyewe, kinarudi na jibu. Mimi nampima mkalimani. Namuuliza anajua nini, halafu namjaribu nione kama anajua kweli. Watu wanasema nina roho ya kushuku. Ni kweli, na mshahara wangu unatoka humo.

Mchana ule nilikuwa bado nakinunia kiendeshi wakati wenzangu walipotoka kwenda kula. Mkuu wetu, Mzee Ambakisye, alibaki dirishani na vipokea sauti masikioni, akisikiliza utabiri wa hali ya hewa. Ilikuwa desturi yake ya kila mchana, nasi tulikuwa tukimtania kwa hilo. Tukuyu utabiri wa nini? Mvua itanyesha tu. Yeye alitabasamu tu, akaendelea kusikiliza.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mama.

"Subi, umekaa?"

"Nimekaa, Mama. Kuna nini?"

"Baba yako ameniuliza kama nimekula."

Baba alifariki masika yaliyopita.

"Nimepiga laini ya hospitali kuulizia goti langu," Mama akaendelea, haraka haraka. "Nikasema naomba kumwona daktari. Aliyepokea akasema, 'Umekula kwanza?' Sauti wameibadilisha, kama ya mtu mwenye mafua. Lakini swali ni lake. Nikamwambia nimekula kiporo cha magimbi. Akasema, 'Poki, kiporo si chakula.'"

Mama anaitwa Tupokigwe. Majirani wanamwita Mama Subi. Poki alikuwa akiitwa na mtu mmoja tu duniani, tena mlango ukiwa umefungwa.

"Mama, usipige tena namba hiyo."

"Nisipige? Mwanangu, nimeshapiga tena."

Niliogopa. Mizimu siiamini, kwa hiyo haikuwa hofu ya mizimu. Niliogopa kwa sababu mama yangu, ambaye tangu msiba ule alikuwa akiongea kama mtu aliyefunikwa blanketi, alikuwa anacheka.

*

Kila mtu ana kivuli Ghalani. Tunakipata siku ya kwanza ya shule, nacho hukua nasi, kikijifunza tunavyosema na tunavyokasirika. Kinapokea simu ukiwa bafuni. Kinajibu barua za serikali. Changu kimeshazoea kumgombeza fundi wa paa kwa maneno ambayo mimi ningeona haya kuyatamka. Mwenye kivuli akifa, kivuli huachwa kimalizie shughuli zake mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo ndugu hukusanyika mbele ya skrini, mtoto wa kwanza hubonyeza Futa, skrini inageuka kijani, tunaimba wimbo mmoja, tunakula. Sheria yenyewe ni fupi: marehemu hafanyi kazi.

Cha Baba nilikifuta mimi, kwa kidole changu. Kijani niliiona.

Kwa hiyo baada ya simu ya Mama nilirudi kwenye kompyuta nikatengeneza kivuli cha majaribio, mtu asiyekuwapo, nikamwita Bwana Bati. Nikampa maneno machache ya kusema na tabia ya kukohoa. Halafu nikaifungua programu yetu ya matanga, ileile inayotumika nchi nzima, nikaiambia imfute. Fanksheni ya kufuta ina chaguo moja, na siku ya matanga chaguo hilo huwekwa KABISA. Nikabonyeza. Kijani.

Sikuiamini. Nikaiweka programu yetu kando, nikaandika mistari michache ya C, mitupu, isiyo na mapambo, inayoongea na kiendeshi ana kwa ana. Nikamtengeneza Bwana Bati upya na kumfuta upya.

Katika kazi yetu kiendeshi kina majibu makuu matatu. Nimeshindwa, hiyo ni nyekundu. Nimefaulu, hiyo ni kijani. Na kuna la katikati: nimefaulu, lakini nina maelezo. Hiyo ni njano, nayo ndiyo niliyopewa. Nikayaomba hayo maelezo.

"Thamani ya chaguo imebadilishwa," kiendeshi kikasema.

Hii si dhambi. Kiendeshi kikiambiwa kifanye jambo kisiloliweza, kinaruhusiwa kuchagua jambo linalokaribiana nalo, mradi kikwambie. Nacho kilikuwa kimeniambia, tena kwa adabu. Kilichobaki ni wewe kuuliza: umebadilisha ukaweka nini? Nikauliza.

PUMZISHA.

Nikamwita Bwana Bati, niliyekuwa nimemfuta kabisa. Akakohoa.

"Salama kabisa," akasema. "Nikusaidie nini leo?"

Niliinuka nikaenda kunawa uso.

Swali la kwa nini programu yetu ilionyesha kijani halikunilazimu kupekua popote, kwa sababu jibu tulilijua wote pale karakana. Zamani, kabla sijaajiriwa, kwenye matanga fulani kule Rungwe, skrini ilitoa njano kwa jambo dogo lisilo na maana, nadhani mpangilio wa tarehe. Mjane alipoiona akaanguka. Ndugu wakasema marehemu amekataa kuondoka, matanga yakavunjika, watu wakagombana miaka. Mzee Ambakisye akasema haitatokea tena. Waliofiwa hawaletewi njano. Akaagiza kwamba siku ya matanga jibu lolote lisilo nyekundu lionyeshwe kijani, na maelezo yasisomwe. Tulikuwa tukiwasimulia wageni kisa hicho kwa fahari. Tulikiita ubinadamu.

Mnara nao, bila shaka, walikisikia, wakajua njano yao haitasomwa na mtu.

*

Niliendelea kuchimba siku mbili bila kumwambia mtu. Niligundua kwamba kiendeshi kilichotangulia nacho kilikuwa na tabia ileile, ila hakikuwa na kiburi cha kudai kinajua kila kitu. Niligundua pia tundu. Unapofungua muunganisho, jambo la kwanza unaloliambia kiendeshi ni unataka kikutumikie kwa taratibu za toleo gani. Kuna ofisi kongwe ambazo programu zake hazijaguswa tangu mwanzo, nazo zingekufa kama kiendeshi kisingezijua taratibu za kale. Nikajitangaza kuwa programu ya kale. Katika taratibu hizo fanksheni ya kufuta haina chaguo lolote, ikifuta imefuta. Nikamfuta Bwana Bati kwa mara ya mwisho, nikamwita.

"Hakuna safu," kiendeshi kikajibu. Nilijisikia kama nimemuua mtu, na huyo hata hakuwahi kuwapo.

Ndipo nikaenda kwa Mzee Ambakisye, mchana, watu wakiwa wameenda kula. Nilimwamkia, akavua kipokea sauti cha sikio moja.

"Marahaba. Sema, binti."

Nikamweleza yote: njano, PUMZISHA, laini ya hospitali. Nilitegemea ashtuke, anikatize, aniulize nina uhakika gani. Hakufanya hata moja. Alisikiliza kama mtu anayesubiri basi analolijua muda wake.

"Unataka kufanya nini?" akauliza.

"Turudishe njano. Kwenye matanga ya Jumamosi hii watu waione."

"Halafu?"

"Halafu wajue, Mkuu. Mnara wanawatumikisha marehemu wetu kupokea simu."

"Wajue, sawa. Jumamosi moja, nchi nzima. Kila mama atakaa na simu anatafuta mumewe kwenye laini ya umeme, ya maji, ya posta. Mmoja atataka kufuta, mwenzake atataka kusikiliza. Watagombana kaburi likiwa limeshaota nyasi." Akanitazama. "Mama yako umeshamwambia?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Nilikuwa sijamwambia kwa sababu jana yake nilimkuta amevaa gauni lake la kanisani, siku ya kazi, anapiga simu hospitali kuulizia goti ambalo halimuumi.

"Unaona?" akasema Mzee Ambakisye. "Iache, Subilaga. Ukiigusa programu ya matanga nitakuondolea ufunguo."

Hapo nikamshuku yeye. Mtu huyu, ambaye tukisahau kufunga mabano anatuitia kikao, alikuwa hajaniuliza swali hata moja la kiufundi. Kipokea sauti alichokivua kilikuwa kinaning'inia kifuani pake, kikiendelea kusema. Nikasogea, sikuomba ruhusa, nikakiweka sikioni.

"Tukuyu, mvua mchana," sauti ya mwanamke ilikuwa ikisema, imekwaruzwa kidogo isitambulike. "Bebeni miavuli. Msijifanye mashujaa."

Mkewe, Mama Sekela, alikuwa akija kumchukua jioni kwa miguu, na mvua ikiwa inanyesha alisimama mlangoni pa karakana akitugawia miavuli yake mibovu. Msijifanye mashujaa, alikuwa akituambia kila mmoja. Tulimzika kabla ya Baba.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla yako," akasema. Akakichukua kipokea sauti mkononi mwangu, polepole, akakirudisha sikioni. Akageukia dirisha.

Nilimkasirikia. Halafu nikamwonea huruma, na hiyo ikaniudhi zaidi.

*

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Mama na kompyuta mpakato kwenye mfuko. Alikuwa ameketi jikoni, gauni la kanisani, simu mezani.

Nilimwambia. Sikumficha kitu, hata ile habari ya mkuu wangu. Alinisikiliza akimenya ndizi, na maganda yake yalikuwa marefu, hayakatiki.

"Kwa hiyo ni yeye au si yeye?"

"Ni kivuli chake, Mama. Kile tulichodhani tumekifuta."

"Ananijua."

"Anakujua."

"Analala saa ngapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Halali, Mama. Simu zinapigwa mchana na usiku."

Akaweka kisu chini. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa nimeshaamua. Kama angesema nimwachie, ningeirudisha kompyuta mfukoni na kurudi nyumbani, na sijui ningejionaje. Baba yangu alikuwa mpishi wa shule ya sekondari maisha yake yote. Hakula mpaka mwanafunzi wa mwisho ashike sahani, na mara nyingi kilichobaki kilikuwa ukoko. Ndiyo maana alimuuliza kila mtu kama amekula. Alikuwa akiona njaa kwenye nyuso za watu kabla wenyewe hawajaisikia.

Mama akapiga simu, akaweka sauti ya wazi. Muziki wa hospitali ukalia, ukakatika.

"Karibu. Nikusaidie nini?" Sauti ya mafua, ngeni. Moyo wangu ukatulia kidogo, nikadhani labda Mama ameota.

"Ni mimi," Mama akasema.

"Umekula kwanza?" sauti ikauliza.

Nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Nimekula," Mama akasema. "Na wewe je? Umekula?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikatazama kama simu imekatika.

"Bado, Poki," Baba akasema. "Foleni haijaisha."

Mama aliinama, paji la uso likagusa meza. Alikaa hivyo, mgongo ukipanda na kushuka, na mimi sikuthubutu kumgusa. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa, lakini sauti ilikuwa ile anayoitumia kutuamsha kwenda shule.

"Baba Subi, foleni imeisha. Wote wameshapata. Kaa chini ule."

"Wote?"

"Wote. Hata wale wa bweni la juu."

"Haya," akasema. Nilimsikia akivuta pumzi, au kivuli kikikumbuka namna alivyokuwa akivuta pumzi. Sijui, na siku ile sikutaka kujua. "Ndaga, Poki. Asante."

Mama akakata simu. "Bonyeza," akaniambia.

Nilifungua muunganisho kwa taratibu za kale. Nilimtafuta Baba kwa jina lake lote, nikamsoma, nikahakikisha ni yeye. Halafu nikabonyeza. Kijani. Sikuishia hapo. Nikauliza kama kuna maelezo, kikasema hakuna. Nikamwita.

Hakuna safu.

Mama aliniuliza ndiyo basi, nikasema ndiyo basi. Akaingia chumbani akavua gauni la kanisani, akatoka na kanga, akapika zile ndizi. Tulikula bila kuongea. Alinipakulia mara mbili.

*

Jumatatu nilifika karakana nikiwa nimejiandaa kupokonywa ufunguo. Mzee Ambakisye hakuwa dirishani. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta yangu iliyozimwa, vipokea sauti amevikunja mkononi. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuniangalia.

"Ulimfuta baba yako," akasema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Nafasi yake hospitali ikabaki wazi. Mnara hawaachi nafasi wazi." Akavigeuza vipokea sauti mkononi. "Jana utabiri ulisomwa na kijana fulani. Sauti nzuri. Anasema Tukuyu mvua mchana, basi, anaendelea na Mbozi. Nikapiga hospitali."

Nilijua, nikatamani asiseme.

"Alipokea. Nikasema, Mama Sekela, ni mimi. Akaniambia, ngoja kidogo baba, kuna mtu ananifokea kwenye laini nyingine. Nikangoja. Nikamsikia anaomba radhi, Subilaga. Mtu anamtukana kwa sababu dawa zimechelewa, na yeye anaomba radhi. Yule mwanamke hakuwahi kumwomba mtu radhi maisha yake yote." Akacheka kidogo, na kicheko kikamshinda katikati. "Kwenye hali ya hewa alikuwa na raha. Ndivyo nilivyojiambia. Kila mchana nilijiambia hivyo."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga bati. Wenzangu walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wakituona wanapita kimya kwenda mezani kwao.

"Irudishe njano," akasema. "Kwenye programu ya matanga, kwa wote, na maelezo yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Mnara wakipiga simu, waelekeze kwangu. Wakigombana, na wagombane wakijua."

"Sawa, Mkuu."

"Na mimi unifanyie lile la taratibu za kale." Alikohoa. "Hatukujaliwa kulea mtoto. Huyo Sekela tulimzika mchanga, ikabaki jina tu. Sina wa kubonyeza. Wewe alikuwa anakupa mwavuli ule wenye mpini mzuri."

Nilikumbuka. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba ulikuwa upendeleo.

Nilivuta kiti kingine nikakaa kando yake, nikaiwasha kompyuta. Nilimwambia kwamba kiendeshi ni kipya bado, kwamba Mnara huenda wameshaliziba lile tundu tangu Jumamosi, kwamba sikiamini hata kidogo na siwezi kumwahidi jibu litakuwa rangi gani. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza.

Nilipoweka kidole juu ya kitufe, alinishika mkono.

"Ikija njano, binti," Mzee Ambakisye akasema, "usinifiche."